Wifi na Kijerumani Chake

Wifi yangu hawezi kusema kitenzi cha Kijerumani bila kujigusa. Kaka anataka amfuate ng'ambo, na huko haendi mtu bila kufaulu mtihani wa lugha, basi kutwa anavikariri vile vitenzi vya kujifanyia mwenyewe. Ich wasche mich, anajipangusa uso mkavu kana kwamba ananawa. Ich kämme mich, anajichana kwa vidole. Vidole vyenyewe virefu, vimenyooka. Mungu hagawi sawa. Mimi niko jikoni nakatakata vitunguu, roho inaniuma, na vitenzi vyote nimeshavishika kwa kusikia tu. Zamani kaka akipiga simu, wa kwanza kuulizwa hali nilikuwa mimi. Jana walizungumza Kijerumani, simu iko kwenye spika. Wifi alitaka kumwambia ana hamu ya kumwona, akakwama. "Ich freue... ich freue..." Kiganja kinapapasa kifua, neno haliji. Nikashindwa kuvumilia.

"Ich freue mich auf dich!" nikapaza sauti kutoka jikoni.

Kaka akacheka kwa furaha. "Nani huyo anaongea vizuri hivyo?"

"Redio tu, mume wangu," wifi akajibu, akainuka kuja kuizima.