Lenzi Iliyopona Kila Ilipofika kwa Fundi

Mama Pacha alikuwa na wivu na hakuwahi kujifanya hana. Alipoolewa, mama yake mzazi alimvuta bwana harusi pembeni akamwambia, "Mwanangu, huyu nakukabidhi pamoja na moto wake. Kazi yako ni kutomwagia mafuta ya taa." Bwana harusi akacheka. Kwa miaka mingi hakumwaga hata tone, si kwa sababu ya uungwana tu, bali kwa sababu alikuwa fundi kamera, na wateja wake walikuwa wanaume wenye vitambi na mikanda ya kamera shingoni.

Mke alikuwa fundi cherehani. Walipanga chumba kimoja chenye mlango wa barabarani, wakakigawa kwa pazia. Mbele ilikuwa meza ya Baba Pacha, taa yake ya kuinama, bisibisi zake ndogo kama sindano na kabati la kamera zilizokufa. Nyuma ya pazia ilikuwa mashine ya Mama Pacha, pasi, na nguo za watu zikining'inia. Mapacha wao walikuwa wamekua, kila mmoja na nyumba yake. Zama za kamera nazo zilikuwa zimepita. Watu walipiga picha kwa simu, na Baba Pacha alishinda akibadilisha vioo vya simu vilivyopasuka, kazi aliyoifanya huku amenuna.

Ndipo akaja yule mpiga picha.

Alikuwa mwanamke aliyekaribia makamo, mrefu, mwenye sauti tulivu. Alisimama mlangoni akasema, "Shikamoo, fundi," kisha akamwona Mama Pacha kwenye upenyo wa pazia, akaongeza, "Shikamoo, mama." Akafungua mkoba. Alikuwa amenunua kamera ya kisasa, zile nyepesi zisizo na kioo ndani, lakini lenzi yake ilikuwa ya zamani, nzito kama jiwe la kusagia. Aliachiwa na mjomba wake aliyemfundisha kazi, naye alikuwa marehemu. Lenzi na kamera havikuwa vya zama moja, kwa hiyo katikati alikuwa ameweka adapta, pete ya kuviunganisha.

"Haishiki fokasi," alisema. "Naielekeza kwa bibi harusi, inanguruma, inakwenda mbele, inarudi nyuma, halafu inakata tamaa, picha inatoka ukungu. Na haifanyi hivyo kila mara. Inachagua."

Mama Pacha alikuwa hajamwona mume wake akinyanyuka hivyo kwenye kiti kwa muda mrefu. Baba Pacha aliipokea lenzi kwa mikono miwili kama mtu anayepewa mtoto mchanga.

"Hizi!" alisema. "Hizi hawatengenezi tena hivi. Hebu kaa, dada."

Akaanza na yaliyo rahisi. Alitazama kitufe kidogo cha ubavuni, kisije kikawa kimesukumwa upande wa kufokasi kwa mkono. Hakikuwa. Akalowesha pamba kwa spiriti akasafisha vidoti vya shaba vilivyo nyuma ya lenzi, na vya adapta pia, kwani hapo ndipo kamera na lenzi zinapozungumza. Pamba ikatoka nyeusi. Akaiweka kamera mezani, akailenga kwenye saa ya ukutani, akabonyeza. Klik. Ikashika papo hapo. Wote wawili wakacheka kwa furaha. Nyuma ya pazia, Mama Pacha akakata uzi kwa meno.

Baada ya siku chache mpiga picha akarudi. Lenzi ilikuwa imemwaibisha kanisani. Safari hii Baba Pacha alifanya uchunguzi wa kina. Alitoa lenzi nyingine kabatini akaifunga kwenye ile adapta, ikafanya kazi. Akaichukua lenzi ya mjomba akaifunga kwenye kamera kuukuu ya zama zake, nayo ikafanya kazi. "Huyu mzima, na huyu mzima," alisema akikuna kidevu. "Wakikutana ndio wanagombana." Akaamua pengine ni programu ya adapta, akaiunganisha na kompyuta ili aiingizie mpya. Mtandao ulikuwa wa kusuasua. Mchana kutwa wakakaa wameinamia kioo kimoja, wakizungumza lenzi, mwanga, na mjomba. Baba Pacha alisimulia hadithi ambazo mke wake alidhani zimekwisha.

Aliporudi mara ya tatu, Mama Pacha alisikia mlangoni, "Hujambo, kaka?"

Mguu wake ukasimama juu ya kanyagio la mashine. Kaka? Shikamoo imekwenda wapi? Kisha sauti ikaja mpaka penye pazia: "Shikamoo, mama."

"Marahaba," alijibu. Kwa hiyo mume amefanywa kijana, yeye ameachwa bibi kizee peke yake.

Msusi wa jirani, ambaye macho yake yalisuka zaidi ya vidole vyake, hakuchelewa kumjia. "Mwenzangu, hiyo kamera ina ugonjwa gani usiopona?"

"Fokasi," alisema Mama Pacha.

"Fokasi!" Msusi akapiga makofi. "Wa kwangu alikuwa akimtengenezea mwanamke baiskeli. Sasa wana watoto wawili."

Maneno hayo yalimwingia Mama Pacha kama mwiba wa samaki, hautoki wala haumezeki. Akapiga hesabu yake: lenzi ikiwa hapa dukani ni nzima, ikitoka nje inaumwa. Lenzi gani hiyo? Hiyo si lenzi, ni kisingizio. Siku hiyo alishona mkono wa kushoto wa gauni mahali pa mkono wa kulia, akalazimika kufumua.

Mpiga picha alipokuja tena, Baba Pacha alikuwa ametoka kununua gundi ya vioo. Mama Pacha aliliona hilo kama tunu. Akasogeza pazia lote.

"Karibu ndani. Kaa hapa, kwenye kiti changu." Mwenzake akakaa. "Mwanangu, nikuulize. Ulikuwa ukimwamkia mume wangu. Siku hizi humwamkii. Kuna nini?"

Mpiga picha akashangaa, kisha akaona haya. "Mama, mwenyewe alinikataza. Alisema, 'Acha shikamoo zako, unanizeesha.' Nikaona nimtii."

Mama Pacha alikuwa amejiandaa kwa uongo, na kwa uongo alikuwa na majibu. Hasira yake, iliyokuwa imemkabili mgeni, ikageuza shingo na kuanza kumtafuta mtu mwingine.

Hata hivyo hakutaka kuachia. "Na hiyo kamera. Mbona hapa haikatai?"

"Ndiyo maana nakaribia kulia. Nakuja, inashika. Naondoka, inagoma. Naonekana mwongo."

"Basi nipige picha mimi. Sasa hivi, nione."

Alikusudia kumuumbua. Akakaa wima mbele ya mashine, akamkazia macho: kucha fupi, pete ya fedha kidole cha kati, mkono wa kushoto ukibeba lenzi kwa chini. Klik. Picha ikatoka safi, kila unywele. Klik tena. Safi.

"Umeona?" alisema Mama Pacha. "Nzima."

Wakati huo Baba Pacha akaingia na gundi yake, akawakuta wamekabiliana, akasita kizingitini kama mtu aliyekanyaga kitu laini gizani.

"Simama, mama," alisema mpiga picha kwa unyonge. "Nikupige na gauni zima." Akaisimamisha kamera wima. Lenzi ikanguruma, ikaenda, ikarudi, ikaganda. Kwenye kioo Mama Pacha alikuwa ukungu.

"Unaona sasa!" alisema mpiga picha, karibu kwa furaha.

Mama Pacha hakuangalia kioo. Macho yake yalikuwa bado kwenye ile mikono, yakichunguza kila inachofanya, kwa sababu wivu haupepesi. "Ilaze kama mwanzo," alisema. Ikalazwa, ikashika. "Isimamishe." Ikasimamishwa, ikagoma. "Ilaze."

Akamgeukia mume wake. "Wewe huwa unaijaribu imelala mezani, si ndiyo? Siku zote umeilaza. Huyu akienda kwenye harusi anapiga watu wamesimama."

Baba Pacha akaweka gundi chini. Akaishika kamera wima, akaisukuma lenzi kwa kidole kimoja. Ikacheza, kidogo sana, kama jino la mtoto. Akaitoa, akaigeuza chini ya taa. Ile pete ya chuma ya nyuma, inayoingia kwenye adapta, ilishikwa na skrubu nne, na mbili zilikuwa zimelegea. Kwenye kamera yake kuukuu mbano ulikuwa mkali, ukaificha kasoro. Kwenye adapta, uzito wa lenzi ulipovuta upande, vidoti vya shaba viliachana. Akazikaza. Mpiga picha akaijaribu imelala, imesimama, imeinama, akatoka mpaka barabarani akampiga msusi aliyekuwa anachungulia. Ilishika kila mara.

Alirudi akamkumbatia Mama Pacha, si fundi. Na Mama Pacha, juu ya bega la mgeni, alimtazama mume wake. Mume alikuwa akitabasamu. Lakini tabasamu lilichelewa. Kabla halijafika, uso wake ulikuwa wa mtu aliyeambiwa kwamba sherehe imekwisha, arudishe viti. Hilo lilimuuma mke kuliko yote yaliyotangulia.

Mgeni alipokwenda, alimwuliza waziwazi. "Unampenda?"

"Nani? Hapana."

"Baba Pacha, usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa. Nimeuona uso wako."

Baba Pacha alichezea bisibisi. Hatimaye akasema, "Nilipenda akija. Sitakudanganya. Watu wananiletea vioo vya simu, wananiambia fanya haraka. Yule aliniuliza. Alitaka kujua kwa nini. Nikajisikia fundi tena."

"Na kijana tena. Usiyeamkiwa."

Akainamisha kichwa. "Hilo lilikuwa la kijinga."

"Na mimi nipo hapo nyuma ya kitambaa, hatua tatu kutoka kwako. Hizo hadithi za lenzi nilizisikia zikisimuliwa kwa mtu mwingine."

"Wewe ulisema zinakuchosha."

Ilikuwa kweli, alishawahi kusema hivyo, tena zaidi ya mara moja. Hakukiri. Alirudi kwenye mashine akaikanyaga kwa nguvu hadi uzi ukakatika.

Ugomvi haukwisha siku ile wala ya pili. Mpiga picha hakuwa na sababu ya kuja, na hakuja, ila alianza kuwaelekeza wenzake wenye lenzi za zamani, na mmojammoja wakafika. Kila mlango ulipotiwa kivuli cha mwanamke mwenye mkoba, Mama Pacha alisimamisha mashine asikilize. Msusi alipoleta maneno mapya alimjibu, "Mwenzangu, nina macho yangu," akamfungia dirisha. Lakini moyo haufungwi dirisha.

Kilichobadilika ni kwamba Baba Pacha alianza kuvuka kuja upande wa nyuma. Alikuja na chai, akakaa kwenye kigoda kati ya nguo zisizokwisha, akaanza kusimulia: adapta ya fulani, kutu ya fulani, kamera iliyoanguka kisimani ikapona. Nusu ya hayo Mama Pacha hakuyaelewa na nusu hakuyajali. Hata hivyo hakumnyamazisha tena. Alikuwa ameamua kwamba ni afadhali achoshwe na mume wake mwenyewe kuliko kusimuliwa habari zake na jirani.

Siku moja Mama Pacha alikuwa anapinda gauni huku pini zimemjaa mdomoni, naye mumewe akamweleza kwa kirefu jinsi lenzi inavyojua kitu kiko mbali kiasi gani. Alipofika katikati akasita. "Nakuchosha?"

Mama Pacha hakuweza kufungua mdomo. Alitikisa kichwa kwamba hapana, na huo ulikuwa uongo, akamwashiria kwa mkasi aendelee.