Hadithi ya Mbwa Niliyoiandika Mwenyewe

Ukipita sokoni Ikutha ukasikia mtu akiita "Mwalimu Umejuaje!", usitafute sana, ni mimi, na kama unanipenda hata kidogo usigeuke kunitazama. Jina hilo nilijipachika kwa mdomo wangu mwenyewe, mbele ya wazazi, mbele ya afisa wa elimu, na kibaya kuliko vyote mbele ya mama mkwe wangu, na nikikumbuka siku ile hata sasa natamani ardhi ipasuke inimeze mimi na ubao wangu.

Nafundisha Kiswahili Gredi ya Nne. Watoto wangu walikuwa wakisoma kwa sauti vizuri ajabu, wanapumzika kwenye nukta, wanapandisha sauti kwenye swali, mgeni akipita dirishani anasema hapa kuna mwalimu, lakini ukiwauliza hadithi inasema nini wanakutumbulia macho, na ukiuliza jambo ambalo halijaandikwa waziwazi, basi, umeua darasa. Ndipo nikaanza mambo ya "umejuaje". Mtoto akisema mzee wa hadithi ana huzuni, namwuliza umejuaje, naye lazima aweke kidole kwenye neno lililomwonyesha, na akipatia darasa zima linampigia makofi, madogo madogo ya haraka halafu moja kubwa. Walipenda kupita kiasi. Wakalipeleka neno hilo nyumbani. Baba mmoja alikuja shuleni amenuna, anasema mtoto wake amemwambia, "Baba, umelewa," na alipomwuliza umejuaje akajibiwa, "Kwa sababu umesalimia mbuzi." (Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Sikujua zamu yangu iko njiani.)

Sasa mnielewe na mambo ya nyumbani. Mume wangu, Kioko, alikuwa anafanya kazi Mombasa, na wakati tukivuna ndengu alinipigia simu akaniambia, kwa sauti ya mtu anayeagiza soda, kwamba ana nyumba nyingine huko na nisimngoje. Sikumwambia mtu. Ningemwambia nani? Kwetu ni Matiliku, mbali, hapa Ikutha niliolewa, nyumba yangu iko ndani ya boma la mama yake, mlango wake na wangu unatazamana, na nilijua siku yule mama atakapojua mwanawe ametutupa, mimi nitakuwa mgeni aliyekaa kupita kiasi. Masikio yake hayashiki simu, kwa hiyo salamu za Kioko siku zote zilipitia kwangu. Basi nikaendelea kuzipitisha. Kila Jumapili tukitoka kanisani ananiuliza, "Kioko amepiga?" nami najibu, "Amepiga, mwaitu, anakusalimia sana," (mwaitu ni mama kwa Kikamba) naye anawageukia wenzake na kuwaambia mtoto wake hamsahau. Na kwa binti yangu Mumbua, ambaye yuko darasani kwangu, nilikuwa naweka simu sikioni jioni na kuongea peke yangu, nacheka kidogo, nasema haya, usiku mwema. Ndiyo, mimi, mtu mzima na cheti changu.

Ikaja siku ya wazazi. Mwalimu mkuu akaniambia darasa langu litaonyesha jinsi tunavyofundisha ufahamu, na afisa wa elimu atakuwepo. Kitabuni kifungu kilichofuata kilikuwa cha familia iliyopanda lifti katika hoteli, na nikajiambia watoto hawa lifti wataijulia wapi, nitaandika changu. Uamuzi mdogo hivyo tu. Nikakiandika jioni, jikoni, maji ya ugali yakichemka: kila jioni mbwa aitwaye Chui alilala getini, na mama alipika ugali kwa sufuria kubwa. Siku moja mawingu yakatanda. Mama akachukua sufuria ndogo. Chui akainuka, akaondoka getini, akaenda kulala jikoni. Swali: kwa nini Chui aliondoka getini? Jibu langu lilikuwa mvua. Mawingu yametanda, mvua inakuja, mbwa anatafuta pakavu. Hiyo sufuria niliiweka ya nini, msiniulize, kalamu ilijiendea.

Siku yenyewe wazazi walijaa mpaka veranda. Mama mkwe alikaa mstari wa mbele kwa ajili ya masikio yake, amevaa leso ya kanisani, na kando yake jirani yetu Mama Nduku wa kumrudishia maneno kwa Kikamba. Mtoto wa kwanza alisoma kifungu vizuri sana. Nikauliza swali. Mutua akajibu, "Kwa sababu ni mbwa." Watu wakacheka. Wa pili akanisomea sentensi ileile niliyomwuliza. Wa tatu akalia. Afisa akatazama saa yake, mwalimu mkuu akanitazama mimi, na Mumbua alikuwa ameunyoosha mkono tangu mwanzo, ameushikilia kwa mkono mwingine usichoke. Huwa simchagui mbele za watu, wasije wakasema nambeba mwanangu. Siku hiyo nilimchagua.

"Chui amejua mwenye boma harudi," akasema.

Mimi nilikuwa nangoja mvua. Lakini ulimi ulishazoea, na kabla sijafikiri ukauliza wenyewe, "Umejuaje?"

Akaweka kidole kwenye karatasi. "Hapa. Mama amechukua sufuria ndogo. Huyo mtu hapikiwi tena."

Wallahi (na mimi ni mtu wa kanisa, lakini neno lilinitoka moyoni hivyohivyo)! Nilikuwa nimeandika hadithi mwenyewe na sikuielewa. Ningesema asante, keti, mambo yangeishia hapo, ila afisa alikuwa ameinuka kwa furaha, anasema huyu ndiye msomaji tunayemtaka, na akamwinamia Mumbua. "Na wewe msichana, umewahi kuona kitu kama hicho? Sema kwa nguvu, watu wa nyuma wasikie."

Na Mumbua ni mtiifu. Akasema kwa nguvu.

"Ndio. Ni kwetu. Mbwa wetu Askari alikuwa analala kwa geti, saa hii analala jikoni. Na mama alianza kupika na sufuria ndogo tukivuna ndengu. Na akiongea na baba kwa simu, simu huwa haijawaka."

Darasa zima likampigia makofi, madogo madogo ya haraka halafu moja kubwa, kama nilivyowafundisha.

Wazazi hawakupiga. Niliona Mama Nduku akimwinamia mama mkwe wangu na kumrudishia yote sikioni kwa Kikamba, neno kwa neno, kwa sauti ya kufika mpaka kwenye matangi ya maji. Mama mkwe alisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kwa Kiswahili, ambacho hakitumii nami kamwe, "Hizo salamu za Jumapili, ni nani alikuwa ananisalimia?" Akafunga leso yake vizuri, akainuka, akatoka, na njia nzima watu walimpisha kama wanavyompisha mfiwa. Mwalimu mkuu akawaamuru watoto waimbe.

Njiani kurudi nyumbani Mumbua aliniuliza kama jibu lake lilikuwa baya. Nikamwambia atembee haraka, jua linachoma. Hilo ndilo linaloniuma kuliko kicheko cha soko zima.

Mlango wa mama mkwe ulibaki umefungwa jioni hiyo, na kesho yake pia. Nami, badala ya kwenda kupiga magoti, nikafanya kituko cha pili. Nilijiambia mtoto amekuwa mpelelezi, ananisoma mpaka jikoni, basi nitampa kitu kingine cha kusoma, aone kwamba kwetu hakuna kilichobadilika. Nikaitoa ile sufuria kubwa, nikaifuta vumbi, nikasonga ugali wa watu wengi. Mumbua aliingia, akaitazama sufuria. Akaenda akaosha miguu. Akavaa sweta yake ya kanisani. Nilipochungulia nje nikamwona amekaa getini juu ya jiwe, na Askari, yule mbwa asiye na akili, amemfuata na kulala pembeni yake.

"Unafanya nini hapo?"

"Nangoja baba."

Sikumwuliza amejuaje. Mwiko ulikuwa bado mkononi mwangu na ugali juu yake.

Hapo nikasikia kitasa cha mlango nyuma yetu. Mama mkwe ametoka, amebeba kigoda chake, na ile leso ya kanisani ameivaa tena. Alikuwa amemwona mtoto amevaa vizuri, amemwona mbwa amerudi getini, na naye akasoma. Akaja akakaa karibu na mjukuu wake, akamtengeneza kola ya sweta, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile akaniangalia usoni. Uso wake ulikuwa na furaha, jamani. Nilitamani anitukane.

"Anafika saa ngapi?" akaniuliza.

Na masikio yake ndiyo hayo, hakuna kunong'ona. Nikalazimika kupaza sauti pale getini, watu wakipita na mbuzi wao kutoka malishoni, "Haji, mwaitu!"

"Leo?"

"Haji! Aliniambia tusimngoje!"

Mumbua akageuka. "Lakini mama, sufuria..."

"Sufuria nilikudanganya."

Alimkuna Askari shingoni. Kisha akaniuliza, pole pole, kama bado tuko darasani, kama makofi yale pia nilimdanganya. Nikamwambia hapana, yale yalikuwa ya kweli, jibu lako lilikuwa zuri kuliko langu. Bibi yake hakusikia hayo. Aliendelea kukaa kwenye kigoda akitazama barabara, nikamwita aje ale, akakataa kwa mkono, na aliendelea kukaa hata giza lilipoingia na mbwa akarudi jikoni.

Ugali ule tulikula mimi na Mumbua, tukampa Askari, na bado ukabaki.

Sufuria kubwa sasa kuku wanaitumia kunywea maji, na nimeapa haitapanda tena mekoni kumpikia mtu asiyekuja. Nimeapa pia kutoandika tena hadithi kwa mkono wangu. Darasani tumerudi kwenye kitabu, tunasoma familia iliyopanda lifti, kwa sauti nzuri, tunapumzika kwenye nukta. Mama mkwe ananisalimia, salamu tu. Jumapili haniulizi kitu. Mwanzoni Mumbua alikuwa bado ananyoosha mkono, nami namwona, namruka, namchagua Mutua. Wiki hii nimeuliza maswali mengi na mkono wake sijauona.