Testa na Ukurasa wa Kumi na Moja

Binti yangu wanamwita Testa. Jina lake la kuzaliwa tunalijua mimi, yeye na karani aliyeandika cheti. Wengine wote walishalisahau. Testa ni ile bisibisi nyembamba yenye taa tumboni, ambayo fundi umeme huigusisha kwenye waya ajue kama una moto, yaani umeme. Tangu ana miaka kumi na minne haijamtoka mfukoni. Hata siku ya harusi yake niliikuta kwenye mkoba, nikaitoa, akairudisha.

Aliyemfundisha kazi ni baba yake, marehemu mume wangu, aliyekuwa na sheria mbili. Ya kwanza, waya hauguswi mpaka upimwe mara tatu. Unaigusisha testa kwanza kwenye waya unaojua una moto, iwake. Unakuja kwenye waya unaotaka kuushika, isiwake. Kisha unarudi kule penye moto, iwake tena. Mafundi wengi huiruka hiyo ya tatu. Yeye aliwauliza, "Umejuaje kama testa haikufa hapo katikati?" Sheria ya pili ilikuwa ya penseli. Akimaliza nyumba, ndani ya mfuniko wa kisanduku cha fyuzi aliandika tarehe, na waya upi unakwenda chumba gani, halafu akachora alama yake: duara lenye mkia, kama kiluwiluwi. Daftari hakuwa nalo. "Daftari litakaa na mimi," alisema, "na umeme utakaa nyumbani kwa watu. Mimi naandika ulipo umeme."

Alipofariki, Testa akabaki na duka, ngazi mbili na baiskeli. Kazi hazikukosekana, lakini zilikuwa kazi za swichi moja, soketi mbili, feni iliyogoma. Shule ikijengwa, alipeleka barua ya maombi na hakujibiwa. Ghala likijengwa, alikwenda mwenyewe, wakamuuliza, "Fundi mwenyewe yuko wapi?" Akajibu, "Ndiye huyu unayemwona." Wakacheka, wakampa kiti na soda, kazi wakampa mwingine. Miaka sita hivyo. Alirudi nyumbani, anaosha mikono mpaka viwiko, na mimi najua amekataliwa tena.

Basi alipotimiza miaka arobaini na minne ikaja kampuni. Ni kampuni ya mafundi umeme iliyoenea miji mingi, na inachouza ni jina lake. Unalipa kiingilio, unapaka gari na mlango rangi zao, unavaa sare yao, kila mwezi unawapa fungu lao. Wao wanakuletea hizo shule na maghala. Mwanangu wa kiume, karani, alisoma karatasi ya matangazo yao mezani kwangu kama anayesoma barua ya mchumba.

"Dada, saini kesho," alisema.

"Mama naye anasemaje?" Testa akaniuliza.

"Nisipoulizwa sisemi," nikajibu.

"Haijawahi kutokea," mwanangu akasema, na wote wawili wakacheka. Nikawaacha wacheke kwanza.

"Chema chajiuza, kibaya chajitembeza," nikawaambia. "Mbona hawa wanajitembeza mpaka mlangoni kwetu? Na mlango huo una jina la baba yenu."

Testa akanitazama. "Mama, mimi mwaka wa sita huu najitembeza na ngazi begani. Na mimi ni kibaya?"

Nikaanza kukusanya vikombe. Yeye akaichukua ile karatasi, akaikunja, akaitia mfukoni pamoja na testa yake. "Sisaini kesho wala sikatai leo," alisema. "Nitawapima mara tatu."

Kwanza akamwendea fundi aliyekwisha kujiunga, mtu wa mtaa wa pili tuliyemwita Bwana Gari kwa jinsi alivyolipenda gari lake jipya lenye rangi za kampuni. Huyo akawaka kwa furaha. Kazi tele, dada yangu, umechelewa, mimi sasa nakataa wateja. Testa akashukuru. Wiki iliyofuata akapanda basi mpaka mji wa jirani kumtafuta fundi aliyejitoa. Alimkuta anauza magodoro.

"Uliacha umeme kwa kupenda?" akamuuliza.

"Nani aache umeme kwa kupenda?" yule bwana akasema. "Kagombane nao, kisha usome ukurasa wa kumi na moja. Mimi niliusoma baada ya ugomvi."

Mkataba mzima ulikuwa na kurasa ishirini na mbili, na ule wa kumi na moja ulisema hivi: ukijitoa, au ukitolewa, hutafanya kazi ya umeme mjini mwako miaka miwili, na kila mteja uliyemhudumia ukiwa na jina lao ni mteja wao.

Hapo mtu mwingine angekuwa ameshapata jibu. Testa akarudi kwa Bwana Gari. Akamkuta analipangusa gari, akamuuliza ukurasa wa kumi na moja unasemaje. Bwana Gari akapangusa kioo kilichokuwa kisafi tayari. "Una kurasa ngapi kwani?" akauliza. Testa akamsomea. Kitambaa kikamdondoka.

Aliporudi nikasema, "Haya, yamekwisha. Tuwaachie jina lao."

"Hayajaisha, mama. Kazi zao ni za kweli, hata yule wa magodoro hakulikana hilo. Kibovu ni ukurasa mmoja. Nyumba ikiwa na soketi moja mbovu, utaibomoa?"

Kumbe alikuwa amekwisha kuamua anataka nini: aingie, apate kazi kubwa, lakini nyumba alizozifungia umeme baba yake zisiwe za kampuni hata siku moja, na asije akafungiwa mji wake mwenyewe. Bila hivyo hasaini. Alilisema hilo huku anakata kitunguu, na kisu hakikusimama.

Tukaenda ofisini kwao pamoja. Meneja wao alikuwa mwanamke wa makamo, kifuani amekumbatia faili kama mtoto mchanga. Mimi moyoni nikambatiza Mama Faili. Akanipa shikamoo yangu vizuri, nikaitikia, nikakaa. Akamsikiliza Testa mpaka mwisho, akasema, "Wateja wa zamani naweza kuwatenga, na marufuku ya miaka miwili ikawa kwa wateja tuliokuletea sisi tu. Lakini nitajuaje ni wa zamani? Una daftari?"

"Hatuna daftari," Testa akasema. "Tuna mama."

Mama Faili akanitazama kuanzia viatu. Nikajinyoosha. Nilisoma mpaka darasa la saba na sikuendelea, lakini nilichokiona sikisahau, na nyumba zote zile nilipeleka chakula cha mchana mimi mwenyewe.

"Sawa," akasema Mama Faili. "Leteni orodha baada ya wiki mbili. Nitachagua nyumba tano mwenyewe, tukafungue mifuniko. Moja tu ikiwa ya uongo, ukurasa unabaki ulivyo."

Siku tisa tulikaa kwenye meza ya jikoni. Mimi nasema, Testa anaandika. Nilizifuata nyumba kwa njia nilizopita na chakula: nyumba ya mkunga, ngazi za nje, kisanduku nyuma ya mlango, nyumba ya fundi viatu aliyekuwa na mbwa kilema, nyumba ya pacha wawili waliogawana kila kitu hata fyuzi. Tulifika mia moja sitini na mbili. Testa akafunga kalamu.

"Umesahau ukumbi wa sinema," nikasema.

Akaniangalia kwa furaha. "Kweli! Wa mia moja sitini na tatu."

Hapo ndipo nilipokosea, na naandika mwenyewe asije akaandika mwingine. Kwa miaka thelathini nimewaambia majirani, wakwe na wauza mboga kwamba ule ukumbi wa sinema, taa zake zote, alifunga mume wangu. Hakufunga. Alitengeneza kengele ya mlangoni, ile ya kuita watu waingie, akarudi nyumbani kabla chai haijapoa. Lakini nilikuwa nimelisema mara nyingi mno, na orodha bila sinema niliiona kama bibi harusi asiye na viatu.

Asubuhi ya siku yenyewe Mama Faili akaja dukani na dereva wake. Akaiweka mezani orodha tuliyompelekea, akapitisha kidole. "Hii ya mkunga. Hii ya pacha. Hii ya mwalimu mstaafu, na hii ya mshona mazulia." Kidole kikashuka mpaka chini kabisa. "Na ukumbi wa sinema. Huu hata mimi naufahamu."

Testa akachukua funguo afunge duka twende. Yule mtoto alikuwa anatabasamu. Nikaona miaka yake sita, ile soda aliyopewa badala ya kazi, na mimi ndiye ninayekwenda kumzimia taa kwa ajili ya majivuno yangu. Mficha uchi hazai.

"Kateni sinema," nikasema.

"Mama?"

"Kata. Baba yako alitengeneza kengele. Kengele tu. Mengine nilipamba."

Mwanangu wa kiume, aliyeomba ruhusa kazini aje kushuhudia, akajishika kichwa. "Mama jamani! Mimi sinema hiyo niliandika mpaka kwenye insha shuleni!"

Mama Faili akafunga faili. "Nilisema moja tu ikiwa ya uongo."

Testa hakunigeukia. Alimwendea Mama Faili, akasimama mbele yake, sauti yake chini kama anavyozungumza akiwa juu ya ngazi. "Ulisema tukifungua mfuniko. Hatujafungua. Fundi akigundua kosa kabla ya kuwasha, anahesabiwa amefanya kazi yake. Akilificha akawasha, hapo ndipo umfukuze. Wewe kwenye kampuni yako unamtaka yupi?" Kisha akaongeza, "Toa sinema, chagua mbili badala yake. Chagua ngumu."

Mama Faili akamtazama Testa, kisha faili lake. Mwishowe akalifungua tena, akachagua nyumba mbili za mtaa wa juu, za zamani kuliko zote.

Tukafungua mifuniko. Kwa mkunga, kiluwiluwi yupo. Kwa pacha yupo, na tarehe. Kwa mwalimu mstaafu, kwa mshona mazulia, na ya kwanza ya mtaa wa juu, yupo, penseli imefifia lakini inasomeka. Nyumba ya sita ilikuwa ya mjane wa umri wangu. Testa akafungua kisanduku: kilikuwa cha plastiki, kipya, cheupe ndani.

"Walibadilisha mwaka juzi," mjane akasema. "Kile cha mbao kilioza."

"Mfuniko wake mlitupa?" nikamuuliza.

"Nitupe mbao nzuri vile? Nina wazimu?"

Akatupeleka jikoni. Pipa la unga lilikuwa limefunikwa kwa ubao wa mraba. Akaugeuza. Katikati ya unga ulioganda ilikuwapo tarehe, chumba cha wageni, chumba cha watoto, ua wa nyuma, na kiluwiluwi wetu anaogelea. Mama Faili akaupangusa kwa kidole chake, akausoma wote.

"Penseli," alisema taratibu. "Wino ungekuwa umefutika."

"Alijua," Testa akajibu.

Mkataba ulisainiwa siku ya nne yake. Ukurasa wa kumi na moja ukaandikwa upya, na orodha ya nyumba mia moja sitini na nne ikabandikwa nyuma. Ndiyo, sitini na nne: mjane alitukumbusha nyumba za dada zake wawili, na mimi niliyejidai kukumbuka yote nikakiri nilizisahau. Nakala moja alipewa Bwana Gari, naye akaenda kudai ukurasa kama huo. Aliupata.

Mlango wa duka sasa una rangi za kampuni. Siku ya kwanza niliupita nikageuza uso. Siku ya pili nikazoea kidogo. Kazi kubwa ya kwanza ya Testa ilikuwa shule ya vyumba kumi na vinane. Nilimpelekea chakula. Juu ya kisanduku amebandika nembo yao, sawa kabisa kama mkataba unavyotaka. Akanifungulia mfuniko nione ndani: ameandika vyumba vyote kwa penseli, na chini amemchora kiluwiluwi. Wa kwake ana miguu miwili.

"Mbona umemwotesha miguu?" nikauliza.

"Wa baba hakuitwa kwenye shule," akasema, akaichukua sufuria mkononi mwangu. "Huyu katembea."

Na watu wakiniuliza kuhusu ukumbi wa sinema, maana nilishawazoesha, nawaambia mume wangu alitengeneza kengele ya mlangoni. Na ililia vizuri sana.