Uji Ambao Dada Gaude Hakuuonja

Enzi zetu, sisi tuliokulia Liuli wakati wa mikanda ya video, mtu hakutazama picha peke yake chini ya blanketi. Picha ilitazamwa na kijiji. Mzee Kanute alikuwa na jenereta, deki na televisheni yenye kisogo kikubwa, na Jumapili mchana banda lake la nyasi lilijaa kuliko kanisa tulikotoka. Tulikaa chini kwenye magunia. Mbele kulinuka petroli, nyuma kulinuka usipa, dagaa wa ziwani kwetu, maana akina mama walikuja moja kwa moja kutoka kwenye vichanja vyao vya kuanikia. Nani alilalamika? Leo mwanangu wa mwisho akikutana na tangazo dogo katikati ya picha anafura kama mtu aliyenyimwa chakula.

Mzee Kanute alikuwa amefanya kazi Zambia ujanani, basi Kiingereza alikijua kiasi cha kututafsiria, na pale kilipomwishia alijaza mwenyewe. Wazungu wote aliwapa majina ya kwetu. Askari walikuwa akina Osmundi, wezi walikuwa watu wa ng'ambo ya ziwa. Alikuwa na fimbo ya kuonyeshea kwenye kioo, na akitaka tuelewe jambo alisimamisha mkanda, tukangoja.

Kwaresima moja akaleta picha ya yaya. Msinishangae kwa kutaja Kwaresima, Mzee Kanute hakuwahi kufunga kitu zaidi ya mlango wa banda watu wakishajaa. Yaya mwenyewe alikuwa mzuri, mpole, nywele zimechanwa vizuri. Anaingia kwenye nyumba ya watu na kisanduku chake, anampenda mtoto, anamsaidia mama. Kumbe anataka nyumba yote iwe yake, mtoto na baba pamoja, na mama mwenye nyumba afe taratibu. Siku moja anamletea maziwa kwenye bilauri. Hapo Mzee Kanute akasimamisha mkanda, akagonga kioo kwa fimbo.

"Mmeona?" akasema. "Hakuonja!"

Banda zima likaguna. Kwetu huku, na kwa Wamatengo kule juu vilevile, anayekupa kitu cha kunywa huonja kwanza. Mwenye ugimbi, pombe yetu ya kienyeji, hupiga funda la kwanza mbele ya mgeni, ndipo anampa na yeye. Anayemlisha mtoto huonja uji, watu wakiona. Asiyeonja ana lake jambo. Mama, ambaye alikuwa mwalimu na hakuwa na kawaida ya kupiga kelele, nilimsikia akisema, "Mungu wangu."

Nyumbani kwetu alikuwepo Gaudensia. Alikuwa msichana wa Kimatengo kutoka Ukata, kwenye kahawa, aliyekuja kumlea mdogo wangu Yona kwa sababu mama alikuwa shuleni na baba alikuwa na nyavu zake. Tulimwita Dada Gaude. Aliliogopa ziwa. Sisi tukirukia majini kutoka kwenye mawe, yeye alisimama mbali, Yona mgongoni, akituita majina yetu mmoja mmoja mpaka wote tuitike. Ugali wetu wa muhogo aliucheka, akisema unang'ang'ania vidole kama mgeni asiyetaka kuaga. Lakini kwenye mchezo wa rede hakuwa na mpinzani, hata akiwa na mtoto mgongoni. Nilimpenda Gaude. Nilitaka kuwa yeye.

Na ni kweli, tangu Jumatano ya Majivu alikuwa ameacha kuonja. Zamani alivuta uji wa kwanza kwa sauti, Yona akacheka, ndipo akampa. Sasa alidondosha tone nyuma ya kiganja, akapima joto, akamlisha. Hakuna aliyejali mpaka ile picha ilipoonyeshwa.

Siku chache baadaye Yona akaharisha. Watoto huharisha, hasa meno yakiota, na yake yalikuwa yanaota. Lakini jirani yetu Mama Festo alikuja asubuhi na wanawake wengine kumjulia hali, akamuuliza mama, "Mama Hilda, hivi huyu binti wako huwa anaonja?"

Mama akageuka. Gaude alikuwa ameketi kwenye mkeka na bakuli la uji, Yona mapajani. Mama akamwambia, mbele ya wale wote, "Gaude, onja huo uji."

Gaude akainamisha macho. "Siwezi, mama."

"Huwezi au hutaki?"

"Siwezi, mama. Naomba unisamehe."

Hakusema lingine. Nilitamani aseme, chochote kile. Mama akampokonya mtoto, uji akaumwaga nje, na Gaude akaambiwa afungashe. Gari la usipa lililopanda Mbinga mchana ule liliondoka naye, amekaa juu ya magunia, amejifunga kitenge kichwani. Yona alilia mpaka sauti ikakauka. Kuku wetu waliula ule uji wote, wakaendelea kuparua uani kama kawaida, na mama aliwaona.

Pasaka ilipopita, shangazi yake Gaude, aliyekuwa akiuza maharage sokoni kwetu, alikuja nyumbani. Hakuja kugombana. Alisalimia vizuri, akapewa chai, mama akaionja kwanza, kisha akasema alichokuja kusema.

"Mwalimu, yule mtoto alikuwa amefunga. Mama yake alikuwa mahututi, akamwekea Mungu nadhiri. Kwaresima nzima haweki kitu mdomoni mpaka jua lizame. Na bibi yake alimfundisha kwamba mfungo ukishautangaza, huna tena mfungo. Sasa Pasaka imepita, ndipo amesema."

Sisi Waanglikana nasi tulikuwa na Kwaresima kama wao Wakatoliki. Lakini mama akiacha nyama, nyumba nzima ilijua, hata Mama Festo. Nakumbuka alivyomtazama yule shangazi, kisha akasema polepole, "Nimefanya nini mimi?"

Likizo ilipofika tulikwenda Ukata, mama na Yona na mimi niliyebeba kapu la usipa. Baridi ya kule ilinikata masikio. Tulimkuta mama yake Gaude amekaa juani anapukuchua maharage, amekonda, lakini mzima. Gaude alitoka jikoni, akapiga goti. "Shikamoo mama." Hakuonyesha hasira, na hilo lilinitesa zaidi. Alimpokea Yona, ambaye hakuhitaji kukumbushwa Gaude ni nani, akaenda kumpikia uji.

Aliuleta. Akachota kijiko, akamtazama mama usoni, akakipeleka mdomoni mwake mwenyewe. Mama akamshika mkono.

"Usionje, mwanangu," akasema. "Mpe tu."

Gaude akampa. Yona akameza. Mama akalia mbele yetu bila kujificha, na kwa wakati ule mwalimu kulia mbele ya watoto lilikuwa jambo zito. Kisha akamwomba arudi.

"Sina kinyongo, mama," Gaude alisema. "Lakini sirudi. Huyu bado ananihitaji." Alimwonyesha mama yake. Akatusindikiza hadi barabarani akiwa na Yona mgongoni, na pale alipomfungua kitenge ampe mama, mimi ndiye niliyelia.

Ile picha niliitazama tena nikiwa mtu mzima, kwenye simu ya binti yangu. Bado inatisha. Lakini niliangalia vinywa tu. Mama mwenye nyumba, mwema yule, anawapa wageni keki bila kuionja. Baba anamimina vinywaji, haonji. Hakuna anayeonja kitu mwanzo hadi mwisho. Wazungu hawana desturi hiyo, na sisi tulitoka bandani tunaapa kwamba tumemwona mchawi kwa macho yetu.

Sasa binti yangu huyo anaishi Mbinga mjini, ana mtoto mchanga na dada wa kazi, na sebuleni ametundika kamera. Akiwa dukani kwake anamtazama dada kwenye simu kutwa nzima. Enzi zetu kamera ilikuwa Mama Festo, na yeye angalau alibisha hodi. Kwaresima hii binti yangu akanipigia. "Mama, huyu dada simwelewi. Anamlisha mtoto vizuri, lakini yeye mwenyewe tangu asubuhi hali kitu. Leo namwita jirani awe shahidi, nimbane aseme."

Nilimwambia aache kumwita jirani. Afunge duka, arudi nyumbani, amsalimie dada, amuulize wakiwa wawili tu.

"Na asiposema?"

"Asiposema, mwanangu, ngoja Pasaka."