Ubingwa wa Darlene Hoekstra

Nikimsikia mtu anasema mashindano ya mpira wa kikapu ya wanawake wa vyuo vyetu hapa Iowa yalianzishwa na wakubwa wa chama cha michezo ya vyuo, damu inanichemka. Yalianzishwa na makocha wetu pamoja na akina Darlene Hoekstra, na mimi nilikuwepo, nimekalia benchi.

Wakati ule wanaume walikuwa na mashindano yao ya kufunga msimu, na mabasi, na nyama ya kuchoma baada ya mechi. Sisi tuliambiwa jasho halimfai msichana. Basi makocha wetu, wote walimu wa kike, wakaunda mashindano ya kwao. Tulisafiri kwa gari la maziwa la baba yake Darlene, tukalala sakafuni kwenye ukumbi wa wenyeji, tukala mkate na siagi ya karanga. Mwaka 1973 Darlene alifunga kikapu cha mwisho kidole kimevunjika, tukawa mabingwa. Baadaye, watu walipoanza kulipa viingilio, chama cha wanaume kikayachukua mashindano yale, jina, kombe na yote, kikaanza kuhesabu mabingwa upya. Sisi tukafutwa hivi hivi. Ukiuliza, unajibiwa eti yenu hayakuwa rasmi. Wezi wakubwa hao.

Darlene hakususa. Aliolewa, akafuga nguruwe, akazika mume, na kila msimu akawapikia wasichana wa chuo supu ya kuku na tambi. Alichotaka ni kimoja tu, chuo kikiri kwamba sisi tulikuwa mabingwa. Machi iliyopita, fainali ilipochezwa kwenye ukumbi wa chuo chetu, alimwendea mkurugenzi wa michezo, kijana anayeitwa Brent Kessler, akamwomba kwamba wasichana wakishinda, mtangazaji aseme ni ubingwa wa pili. Yule bwana akatabasamu.

"Bibi, yale ya kwenu yalikuwa bonanza tu."

Bonanza! Ningekuwa karibu ningemzaba kibao.

Wasichana wakashinda. Mtangazaji akapaza sauti kwamba huo ni ubingwa wa kwanza katika historia ya chuo. Ngazi ikaletwa chini ya goli, maana kwetu bingwa hukata wavu, kila mchezaji uzi wake, na wa mwisho ni wa kocha. Wachezaji walipomaliza, kocha akampa Darlene mkasi, kwa ajili ya zile supu. Akapanda polepole na goti lake bovu, watu wanashangilia. Alipofika juu, akakaa.

"Sikati," akasema. "Mpaka yule mtangazaji aseme ni wa pili."

Kessler akaja mbio, uso umemwiva, anamnong'oneza ashuke, televisheni inarusha. Darlene hata hakumtazama. Wavu unaning'inia kwa uzi mmoja, na bila wavu hakuna sherehe. Nahodha wa wasichana akaketi sakafuni, na wenzake wote wakaketi. Mwishowe Kessler akampungia mkono mtangazaji, shingo upande, na mtangazaji akatamka kwamba ni ubingwa wa pili.

Darlene akakata. Aliposhuka nilimkumbatia nikidhani analia kwa furaha. Kumbe ni kwa hasira.

"Wenzetu sita tumewazika wakilisubiri neno hilo, Marlys," akaniambia. "Na yule limemchukua pumzi moja tu kulisema."