Rangi ya Kijani kwenye Nyumba Isiyo na Upande

Nimezoea kuanza kila jambo kwa kulifafanua, na watu wa nyumbani kwetu wamezoea kuinuka na kuondoka nikifika kwenye ufafanuzi wa pili. Hata hivyo siwezi kueleza kero niliyoipata katika ujenzi wa jengo letu la Kibaha bila kusema kwanza jengo lile ni kitu gani.

Kiwanja alikiacha baba, katikati ya mji, kando ya Barabara ya Morogoro, pale ambapo mikongo ya mawasiliano ya kampuni mbalimbali hupita ardhini ikielekea bara. Warithi tulikuwa wawili: kaka yangu, anayelima mihogo na minanasi Marui, upande wa Kisarawe, na mimi, niliyestaafu kufundisha historia ya sheria. Kwa mgawanyo wa mirathi kaka ana mafungu mawili nami moja, jambo ambalo hajawahi kulitaja na hajawahi kulisahau.

Kila aliyetupenda alitushauri tujenge fremu za maduka. Mimi nilitaka nyumba ya mitambo: jengo lenye vyumba imara, jenereta na betri za kusaidia umeme unapokatika, viyoyozi vya kupooza mashine, na ulinzi wa saa zote. Kila kampuni ya simu au ya intaneti ingepanga chumba chake na kuingiza mkongo wake, na ikitaka kuunganishwa na nyingine, ingefanya hivyo katika chumba cha katikati ambacho si cha kampuni yoyote. Sisi wenye nyumba hatungeuza simu wala intaneti. Hatungempendelea mpangaji huyu wala kumnyima yule. Hiyo ndiyo maana ya nyumba isiyo na upande, na thamani yake yote imo katika sifa hiyo moja. Ikiondoka, kinachobaki ni banda lenye viyoyozi vingi.

Kaka nilimweleza kwa mfano. Mfugaji wa Magindu akimpigia mkwewe aliyeko Janga, na kila mmoja ana mtandao wake, sauti inaweza kusafirishwa kwanza hadi Dar es Salaam, kampuni zikabidhiane huko, ndipo irudi kwa mkwe ambaye angeweza kufikiwa kwa baiskeli. Kampuni zikikutana Kibaha, sauti haitakuwa na haja ya safari hiyo.

"Kumbe ni kama kisima," kaka alisema. "Mtu akija na ndoo haulizwi ukoo."

Nilifurahi kupita kiasi. Miaka yote ya kufundisha ilipaswa kunionya kwamba mwanafunzi anayetoa mfano mzuri haraka hajaelewa bado.

Alikubali kwa sharti moja. Kama hadi mwanzo wa masika nyumba itakuwa na mpangaji mmoja tu, tutampangisha huyo jengo zima, na mimi sitalizungumza tena. Nilikubali, maana kampuni ya kwanza ilikuwa imekwisha kusaini, na ya pili ilikuwa imeahidi kumtuma mhandisi wake kuja kukagua. Nilihitaji kampuni ya pili tu. Mkataba wenyewe nilikuwa nimeuandika mimi, kwa uangalifu ambao wakili wetu aliuita uchokozi. Nilieleza haki ya kila mpangaji juu ya ukuta, paa, waya, maji na njia ya kupita. Kuhusu rangi sikuandika neno, kwa kuwa haikunijia akilini kwamba mtu anaweza kuharibu nyumba ya mitambo kwa brashi.

Jengo lilipokwisha kusimama, likabaki kupakwa rangi, nikasafiri kwenda Dodoma kusoma tasnifu ya mwanafunzi mmoja. Niliporudi, nyumba ilikuwa ya kijani.

Sisemi kwamba ilikuwa na mstari wa kijani, au bango la kijani. Ilikuwa ya kijani kuanzia msingi hadi kingo za paa, kijani cha kampuni ya kwanza, chenye kung'aa kama jani la mgomba lililonyeshewa, na juu ya lango kulikuwa na alama yao yenye ukubwa wa meza ya kulia chakula. Kaka alikuwa amesimama mbele yake, amevaa kofia ya kijani.

"Kaka, shikamoo. Hii ni nini?"

"Marahaba. Rangi."

"Nani kaipaka?"

"Wapangaji wako. Wamekuja na vijana wao, rangi yao, ngazi zao. Hatujatoa hata senti! Nilikuwa nawaza tutapata wapi rangi ya nyumba yote hii, Mungu akanijibu."

Msomaji anayeijua barabara yetu hahitaji maelezo. Duka la sukari limevaa rangi ya kampuni ya simu, kinyozi vilevile, nyumba nzima ya mjane vilevile. Mtu akijenga huku gharama ya rangi ikimsumbua, kampuni humjia na ndoo, na ukuta mkavu huwa tangazo bila mwenyewe kuona kwamba ametoa chochote. Kwa duka la sukari hakuna ubaya. Nilijaribu kueleza kwamba kwetu ni tofauti. Kaka alinisikiliza kwa upole, akaniuliza kama nilikuwa nimekula.

Mhandisi wa kampuni ya pili alifika wiki ileile, binti mwenye buti na kofia ngumu. Alinisalimia kwa heshima zote, kisha akasimama barabarani akitazama juu, akitazama chini, hadi akashindwa kujizuia, akacheka.

"Mwalimu, mbona hii nyumba ishaolewa?"

"Ni rangi tu. Mkataba unasema—"

"Mkataba nimeusoma, mama, ni mzuri kabisa. Lakini nikimpelekea bosi picha ya mitambo yetu imekaa ndani ya tangazo la wenzetu, atanihamishia porini. Mteja wetu akipita hapa atasema tumenunuliwa."

"Tukibadili rangi?"

"Mkibadili, nipigie hata leo jioni."

Jambo lilikuwa dogo kiasi hicho, na ndiyo sababu liliniudhi kuliko kama lingekuwa kubwa. Nilimpigia msimamizi wa kampuni ya kwanza nikiwa nimejiandaa kwa mabishano, nimeshaweka alama kwenye vifungu. Hakubisha.

"Ni nyumba yenu, Mwalimu, pakeni mnavyotaka. Sisi tulipanga kupaka mbele tu. Mzee ndiye aliyetuomba tuzungushe hadi nyuma."

Kikwazo, basi, hakikuwa kampuni. Kikwazo kilikuwa mmiliki wa mafungu mawili, na nilikwenda Marui kumkabili. Nilimkuta anamenya muhogo.

"Haiwezekani," alisema kabla sijakaa. "Vijana wale walikula kwangu. Niliwachinjia jogoo. Nikawafungia minanasi wakaondoka nayo. Mtu kakuvisha nguo, umeshamshukuru, umeshamlisha, leo unaivua hadharani?"

"Wenyewe wamesema hawana kinyongo."

"Wao ni vijana, watasema nini? Mimi ndiye niliyepokea. Aibu ni yangu, si yao."

"Na kampuni ya pili?"

"Nayo ije ipake upande mmoja."

Nilimwambia kwamba nyumba yenye rangi mbili za washindani haiwi nyumba isiyo na upande, bali nyumba yenye ugomvi. Nilimkumbusha kisima. Akajibu kwamba hata kisima, aliyekijengea ukuta hushukuriwa. Nilirudi mara ya pili, na ya tatu, nikiwa na hoja zilizopangwa vizuri zaidi kila safari, naye akawa ananipokea kwa adabu zaidi kila safari, jambo ambalo katika ukoo wetu ni dalili ya mlango kufungwa. Mawingu yalianza kukusanyika upande wa bahari. Mke wake alikuwa ameanza kuniuliza, kwa huruma, kama kampuni ya kijani ingeniachia chumba kimoja cha kuwekea vitabu vyangu.

Nilikuwa narudi kutoka safari hiyo ya tatu, nimekasirika kiasi cha kuzungumza peke yangu, nilipokumbuka somo nililolifundisha mwaka baada ya mwaka bila kulihitaji. Katika desturi zetu, lipo tendo ambalo ndugu hawezi kulifanya bila kuvunja heshima, na mgeni hawezi kulifanya bila kuleta ugomvi, lakini mtani analifanya mchana kweupe na hakuna anayeruhusiwa kununa. Huchukua kuku wa mwenye msiba, huketi kwenye kaburi lililochimbwa na kudai haki yake, huwaambia wafiwa maneno ambayo kwa mdomo mwingine yangekuwa kesi. Sisi Wazaramo tunataniana na Wanyamwezi tangu zama za misafara. Na ng'ambo ya barabara, akitazamana na ukuta wetu wa kijani, alikaa Mnyamwezi, karani mstaafu wa wilaya, muuza chakula cha kuku, ambaye tangu msingi uchimbwe hakuacha kututukana.

Kusema kweli sikupenda njia hiyo. Nilitaka kaka ashindwe kwa hoja. Lakini masika hayasubiri hoja, nikavuka barabara.

"Umechelewa," mtani alisema nilipomaliza. "Mikono inaniwasha tangu siku ile. Rangi nyeupe utaleta wewe. Haki yangu nitajichukulia mwenyewe."

Nilinunua rangi, nikamwita kaka aje Kibaha kuangalia bomba lililovuja. Bomba lilikuwa linavuja kweli. Sisemi uongo hata kwa ajili ya mitambo. Alipoteremka kwenye bodaboda alimkuta mtani juu ya ngazi, ukuta wa mbele nusu mweupe, na wapita njia wamejaa.

"We Mnyamwezi! Unafanya nini nyumbani kwangu?"

"Nawazika Wazaramo! Hii ni sanda! Mtu anavikwa nguo na kampuni kama toto lisilo na baba, halafu anavaa na kofia!"

"Shuka! Babu zako walibeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani, wakasahau njia ya kurudi, ndiyo maana uko hapa unauza pumba."

"Walipofika waliwakuta wa kwenu wamelala, wanasubiri ngoma ianze! Lete hiyo kofia."

Alishuka, akaichukua kofia kichwani mwa kaka, akaivaa juu ya kofia yake, akapanda tena. Kaka aligeuka kunitazama. Alielewa, nilimwona akielewa. Angeweza kunilaumu, lakini mbele ya mtani hakuna kulaumu, na watu wote walikuwa wanacheka. Akabaki na neno moja tu linaloruhusiwa.

"Paka vizuri basi, mbwa wee. Usiniachie mabaka."

Mtani aliacha mabaka. Alimaliza kuta tatu, akadai jogoo, akapewa, akadai wa pili kwa ajili ya ukuta wa nne, akapewa, na ukuta wa nne akanimalizishia fundi niliyemlipa. Rangi ilimwagika kwenye viatu nilivyovaa siku ya kuagwa kazini. Kaka hakuzungumza nami hadi Ijumaa, kisha akazungumza kana kwamba hakuna kilichotokea, akimsimulia kila mtu jinsi mtani wake asivyo na haya.

Mhandisi wa kampuni ya pili alirudi kabla ya mvua. Alitazama juu, akatazama chini, akauliza chumba chao ni kipi. Mkongo wao uliingia kwa tundu la mashariki, wa kampuni ya kwanza ukiwa umeingia kwa la magharibi, na katika chumba cha katikati mafundi wao waliinama juu ya kabati moja, mmoja ameshika tochi, mwingine anaunga nyuzi nyembamba kuliko unywele. Walikuwa wameazimana ngazi. Ngazi yenyewe waliiacha katikati ya ukumbi, kinyume cha kifungu cha kwanza kabisa cha kanuni za jengo.

"Hii ni ya nani?" niliuliza.

Walitazamana.

"Yake, Mwalimu," walisema wote wawili.

Nikawaamuru waiondoe, nao wakaibeba pamoja, mmoja mbele na mwingine nyuma, wakibishana mlangoni waipitishe upande gani.