Maziwa ya Kabanga

Mama Berthe alikuwa na mkono wa kupimia. Umpe kata yoyote, achote unga au mchele mara hamsini mfululizo, na hakuna aliyepata chembe kumzidi mwenzake. Ndiyo maana mwaka 1993, watu wa asili ya Kasai walipofukuzwa majumbani mwao huko Katanga wakajaa stesheni ya Likasi kusubiri treni ya kuwarudisha Kasai, parokia ilimweka yeye kwenye ndoo ya maziwa. Mablanketi na nguo za msaada waligawa wengine, na waligawa kwa kelele. Kwenye ndoo ya Berthe watu walinyamaza.

Majirani hawakupenda. Berthe alikuwa Mkatanga, mzaliwa wa upande wa Kambove, na wapo waliomwuliza sokoni kama amesahau kwao ni wapi. Mumewe, François, aliyekwenda kiwandani kila asubuhi na kurudi bila kazi wala posho, alikuwa na swali lake: mke anagawaje maziwa mchana kutwa na nyumbani wanakula mara moja? Berthe alimjibu kwamba maziwa yana wenyewe. Alikuwa mkaidi, na ukaidi wake wote aliupeleka kanisani, jambo lililowasaidia wengi na kumchosha padri.

Maziwa yenyewe yalikuwa na sheria. Godefroid, muuguzi aliyejitolea pamoja nao, alipima mkono wa kila mtoto kwa utepe wa rangi. Mkono ukiangukia kwenye nyekundu, yaani umekonda kwa njaa, mtoto anaandikwa, na asubuhi na alasiri anakunywa kikombe kizima palepale mbele ya meza. Ukiangukia kwenye kijani, anarudi mgongoni kwa mama yake. Mifuko ya unga wa maziwa ilikuwa michache, na treni hakuna aliyejua itakuja lini.

Mwezi wa saba, kwenye baridi na vumbi lile jekundu, akaja mama mmoja na mapacha wa mwaka na nusu, Mbuyi na Kabanga. Jina lake la ubatizo hakuna aliyelitumia. Kama desturi ya kwao, aliitwa kwa jina la pacha wa kwanza, Mamu Mbuyi. Mkono wa Mbuyi ulikuwa kijani. Wa Kabanga ulikuwa nyekundu, tena ndani kabisa. Godefroid akaandika jina moja.

Mama hakusogea. "Mama," akamwambia Berthe taratibu, "minye siwezi kukamata kikombe moja. Aba beko mapasa."

Berthe aliujua mwiko wa mapacha. Na usiniambie kwamba aliyebatizwa hapaswi kujua. Alijua kama alivyojua jina lake. Ukimpa pacha mmoja, mpe na mwenzake, kitu kilekile, kiasi kilekile, hata ikiwa karanga moja ya kupasua. Aliyenyimwa hukasirika, na hasira ya pacha huondoka na roho ya mtu. Kwa Wakatanga ni hivyo, kwa Wakasai ni hivyo. Mwaka ule ambao hawakukubaliana lolote, hilo walikubaliana.

Akamwendea Godefroid. "Ongeza mumoja."

"Mama Berthe, nikiandika mutoto wa kijani, nitatosha mupi wa nyekundu? Unionyeshe ye."

Berthe akaitazama foleni, akakosa mtoto wa kuondolewa.

Kesho yake alitoka nyumbani na uji wa mahindi, sehemu yake mwenyewe ya siku, akaumimina kwenye kikombe cha pili. Mamu Mbuyi akaunusa, akaurudisha kwa heshima. "Haiko sawa, mama. Mbuyi atajua." Na kikombe cha Kabanga hakukigusa. Maziwa yakapoa mezani mpaka akapewa mtoto mwingine.

Siku ya tatu Berthe aliona ni heri nusu kuliko kukosa. Alichukua kikombe kimoja akakigawa katika vikombe viwili, kwa mkono wake ule usiokosea. Watoto wakanywa. Mama akainama kushukuru, na Berthe akalala usingizi mzuri siku hiyo, nasema ukweli.

Godefroid aligundua baada ya siku mbili. "Uko naua ule mutoto na usawa yako," alisema.

"Na weye unataka nimuue na kikombe nzima?"

Godefroid naye alikuwa na mama aliyezaa mapacha. Akaenda kupima mkono mwingine.

Basi ikawa hivyo, kila asubuhi na kila alasiri. Mashavu ya Mbuyi yalianza kung'aa. Kabanga aliacha kukaa, akawa wa kulazwa tu pajani, na bado zamu yake ikifika alifungua mdomo. Berthe alikuwa anaona. Kuona ndiko kulimwumiza zaidi, kwa sababu kata ilikuwa mkononi mwake na mkono haukuwa na uwezo wowote. Siku ya tisa akaamua kukosea makusudi: akazidisha kikombe cha Kabanga kidole kimoja. Mamu Mbuyi akavitazama vikombe, akavisogeza karibu, akamimina kidogokidogo mpaka vikalingana. Hakukasirika.

"Umechoka, mama," alisema.

Siku ya kumi na mbili alikuja na Mbuyi peke yake mgongoni. Hakuwa amefunga kitambaa cha msiba, wala hakukuwa na kilio huko alikotoka, maana pacha haliliwi. Ukimlilia, anamwita mwenzake. Pacha hasemwi kwamba amekufa. "Kabanga amerudi kwao," alisema Mamu Mbuyi. Godefroid akatafuta jina kwenye karatasi na kulipiga mstari, kisha akageuka ukutani.

Kwa Mbuyi hapakuwa na maziwa. Mkono wake ulikuwa kijani kuliko siku ya kwanza. Mama yake hakuomba. Alipiga goti moja mbele ya meza.

"Aksanti, mama. Kabanga ameenda na roho safi. Hata siku moja haukumupa ndugu yake kumupita."

Berthe aliipokea shukrani hiyo kwa mikono miwili, kama inavyopasa kumpokea mama wa mapacha. Hakulia, kwa sababu Mbuyi alikuwa anamtazama.